Maswali ya Wasomaji: Sumu Itakayomjua Konokono Peke Yake

Tangu mvua ya Machi ianze meseji zenu karibu zote ni konokono, konokono kwa sukuma, konokono kwa dania, konokono wamepanda hadi ukuta wa choo. Kwa hivyo mwezi huu nimeweka kuku na mahindi kando, tunaongea juu ya konokono na hasa sumu zake, manake wengi mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, mbona hakuna dawa inayoua konokono na kuwaacha wengine?

Habari yako mwalimu. Naishi Utawala, niko na sukuma na spinachi kwa magunia nyuma ya nyumba. Konokono walikuwa wanamaliza kila kitu usiku, nikaenda agroveti nikauziwa dawa ya bluu, imefungwa tu kwa plastiki, haina jina. Nikanyunyiza jioni. Asubuhi mbwa wetu akaanza kutetemeka, akaanguka, saa nane mchana alikuwa amekufa. Niko na mtoto wa miaka 2 anayeokota kila kitu. Kuna dawa inaua konokono bila kuua kitu kingine? — Mama, Utawala

Mama, pole sana. Pole kwa mbwa na pole kwa huo wasiwasi wa mtoto, meseji yako nimeisoma mara tatu. Kwanza la haraka, kama bado kuna punje hata moja kwa hayo magunia ziokote leo ukiwa na glavu, usizifagilie kwa mtaro, na mtoto asikaribie hapo mpaka umalize. Na wengine wote wenye mbwa, ukiona anatetemeka, anatoa mate, mwili umekuwa moto, usikae kungoja na usimpe maziwa, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, juu hii sumu haina dawa ya kuivunja. Daktari anachoweza ni kutuliza degedege, kushusha joto na kuondoa ile iliyobaki tumboni.

Sasa, siwezi kuapa ulichouziwa ni nini juu hakikuwa na lebo, lakini punje za bluu na mbwa anayetetemeka, mimi moja kwa moja nafikiria metaldehidi. Hii ni kemikali ya zamani, imekuwa ikitumiwa kwa konokono tangu miaka ya 1930, na kabla ya hapo watu walikuwa wanaichoma kama mafuta magumu ya jiko dogo la safari. Imeundwa kwa kuunganisha molekuli 4 za asetaldehidi, ile ile inayotengenezwa na ini mtu akinywa pombe. Kwa konokono inaharibu seli zinazotoa ute, anamwaga ute, anamwaga, mpaka anakauka. Ndio maana asubuhi unakuta njia nyeupe inang'aa na yeye amelala mwisho wake. Lakini mvua ikinyesha usiku huo anakunywa maji kupitia ngozi, anapata nafuu, anaenda zake. Yaani wakati ule ule konokono wanatusumbua zaidi, wakati wa mvua, ndio hii dawa inafanya kazi vibaya zaidi, halafu mbwa wala haimsaidii kwamba kunanyesha, kwake inaenda kwa neva na inaua tu. Na punje zenyewe zimekandwa kwa unga wa ngano ili konokono avutiwe, na mbwa naye anajua harufu ya unga.

Uingereza walibishana miaka mingi juu ya hii kitu, serikali ilitangaza kuizuia 2018, ikapelekwa kortini ikarudi sokoni, mwishowe kuitumia nje kukapigwa marufuku tangu 31 Machi 2022. Sababu kubwa ilikuwa ndege na wanyama wa porini kama kalunguyeye wanaokula punje au kula konokono aliyekula punje. Na kulikuwa na shida ya maji, manake haishiki kwa udongo, mvua inaibeba hadi mtoni na mitambo ya kusafisha maji inashindwa kuitoa vizuri. Umoja wa Ulaya nao ulikuwa umeshaondoa nyingine inaitwa methiokabu kwa chambo cha konokono mwaka 2014.

Swali lako ni kama kuna bora. Iko. Inaitwa fosfeti ya chuma, na jina lake ndilo lenyewe, chuma na fosfeti, vitu ambavyo viko kwa udongo tayari. Marekani waliisajili 1997 na hata wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kuitumia. Konokono akiila, chuma kinaharibu tumbo lake na ile tezi ya kusaga chakula, anaacha kula, anaenda kujificha, na ndani ya siku 3 hadi 6 anafia huko huko chini. Na hapa ndio biashara inaharibika! Mtu anaamka, anatafuta maiti, hakuna, anarudi agroveti kulalamika ameuziwa unga, anapewa ile ya bluu yenye maiti nyingi na anaenda nyumbani ameridhika. Nawaomba sana, msihesabu maiti, angalieni majani mapya. Kama jani lililotoka juzi halina shimo, dawa imefanya kazi.

Sisemi haina madhara kabisa. Mbwa akila pakiti nzima chuma kingi kitamuumiza, na hizi punje mara nyingi huwekwa kemikali inaitwa EDTA ili chuma kipenye mwilini mwa konokono, na majaribio ya maabara yameonyesha mchanganyiko huo unasumbua minyoo ya udongo. Kwa hivyo nyunyiza chache, zikiwa zimetawanyika, kamwe usiweke rundo, na pakiti iwekwe juu ambapo mtoto hafiki.

Na lingine mama, usinunue tena sumu isiyo na lebo. Dawa iliyosajiliwa Kenya ina namba ya ile bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, imeandikwa kwa lebo, herufi zenyewe PCPB(CR) halafu namba. Ile ya kupimiwa kwa kijiko na kufungiwa kwa plastiki hata daktari wa mbwa hawezi jua anatibu nini, na siku mtoto akiimeza, Mungu apishe mbali, daktari wa mtoto atakuuliza jina lake na hutakuwa na jibu.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kemia mwaka wa 4 hapa Nairobi, natafuta mada ya projekti. Nataka kutengeneza kemikali mpya ya konokono ambayo ni salama. Nianze na miti gani ya kienyeji? — Mwanafunzi, Chiromo

Kijana wangu, nimefurahi sana kuona hili swali, na nitakupinga kidogo mwanzoni. Usianze na mti, anza na konokono. Kila mwaka naona projekti za watu wamesaga majani, wamemwagia konokono, konokono amekufa, wameandika ni dawa. Maji moto pia yanaua konokono. La maana ni kujua imemuua kwa kupitia mlango gani, na kama huo mlango mimi na wewe tunao pia.

Chukua methiokabu niliyoitaja hapo juu. Inazuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, ujumbe unabaki umewaka, misuli inashikwa. Ni mlango mzuri, shida ni kwamba huo mlango uko kwa konokono, uko kwa nyuki, uko kwa ndege, uko kwa mtoto wa mama wa Utawala. Ndio maana Shirika la Afya Duniani liliiweka daraja la Ib, sumu kali. Hapo hata uibadilishe kidogo vipi bado unagonga mlango wa kila mtu.

Sasa jiulize konokono ana nini ambacho sisi hatuna. Damu yake haitumii chuma kubeba oksijeni kama yetu, inatumia shaba, kwa protini inaitwa hemosianini, na ikishika oksijeni inakuwa ya bluu. Ana gamba ambalo lazima alijenge kwa kalsiamu kila siku ya kukua kwake. Ana ute, na huo ute ndio miguu yake, ngozi yake, ukuta wake na njia ya kurudi nyumbani. Hiyo milango mitatu mimi naona ndiyo ya kufikiria, na ute ndio ungenivuta zaidi, manake kiumbe anayeishi kwa ute ukimnyima uwezo wa kuutengeneza, badala ya kumfanya aumwage kama metaldehidi inavyofanya, hata mvua haitamwokoa. Hayo ni maoni yangu, usiyanukuu kama matokeo ya utafiti, nenda ukayajaribu.

Halafu kuna mdomo. Hili watu wa kemia mnalisahau kabisa. Konokono wa maji anaogelea ndani ya dawa, hana pa kukimbilia, lakini konokono wa shamba lazima umbembeleze ale. Ukimwagia kitu kinachowasha anatoa ute, anajivua nao, anaondoka. Ukiweka kwa chambo anaonja, na kama kunauma anaacha. Metaldehidi yenyewe ina hiyo shida, akila kidogo anaanza kuumwa kabla hajafikisha kipimo cha kumuua, anasimama, na kesho yuko kwa kabeji. Kwa hivyo kuna watafiti wamejaribu kuifunika kwa tabaka jembamba ili iachilie polepole, konokono ashibe kwanza ndio ahisi. Yaani nusu ya kazi yako ni sumu na nusu ni upishi, unga gani, mafuta gani, harufu gani, na ikae siku ngapi kwa mvua ya Kabete bila kuota ukungu.

Ukishaelewa hayo sasa rudi kwa miti, na hapo kuna historia ya kujivunia. Mwaka 1964 Aklilu Lemma, Mwethiopia, alikuwa Adwa akichunguza konokono wa maji wanaobeba kichocho, akaona mahali wanawake wanafua nguo kwa tunda la endod, konokono wengi wamekufa chini ya mto. Endod inatoa povu kama sabuni juu ya kemikali zinaitwa saponini, zinatoboa utando wa seli. Yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989, na huo mmea, Phytolacca dodecandra, unaota hadi nyanda zetu za juu. Lakini saponini pia zinaharibu matamvua ya samaki. Ukichukua hii njia, na wengi wanaichukua, andika kwa kitabu chako kabisa kwamba jaribio la samaki ni la lazima, usingoje profesa akuulize. Na ujue ya kwamba endod ilipimwa kwa konokono wa majini, kwa hivyo kazi ya kuibadilisha iwe chambo cha huyu wa shamba, hiyo inaweza kuwa projekti yako.

Vitu vya kupima ni hivi: konokono kwanza, wa saizi tofauti, juu mdogo hufa rahisi na mkubwa anakudharau, mayai pia. Halafu minyoo ya udongo, nyuki, samaki, kuku. Halafu ikae kwa udongo na maji uone inachukua siku ngapi kuoza na inaoza kuwa nini, manake wakati mwingine kile inachozaa ni kibaya kuliko yenyewe. Ukiongeza denatoniamu, ile kitu chungu kuliko vyote iliyogunduliwa Edinburgh mwaka 1958, mtoto atatema, lakini hiyo ni kufuli ya mlango tu, haifanyi sumu kuwa salama, na mbwa wengine wanameza bila kuonja.

Nikwambie kitu kinachoniuma. Huyu konokono mkubwa wa Afrika, Lissachatina fulica, kwao ni pwani ya Afrika Mashariki, ni wetu. Amepelekwa Asia, visiwa vya Pasifiki, Amerika, anataga mayai mia na zaidi kwa mara moja, na yuko kwa orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani. Na bado sumu tunazouziwa Nairobi zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya baridi ya Ulaya na konokono wao. Hapa Kasarani tuko na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 na imefanya kazi kubwa kwa wadudu, lakini konokono si mdudu, anaanguka katikati, hakuna anayemwona ni wake. Mchukue wewe. Anza na swali dogo, konokono mmoja, kemikali moja, mlango mmoja, na hata ukipata kwamba haifanyi kazi liandike vizuri, hilo pia ni jibu.

Mimi ni mzee wa Kikuyu, nimelima tangu zamani. Hutumia chumvi, jivu na maganda ya mayai. Kijana wangu anasema kahawa ndio dawa, eti ameona kwa simu. Ni kweli? — Mzee, Kikuyu

Mzee wangu, shikamoo. Chumvi naomba uiache, inaua konokono kweli lakini inabaki kwa udongo na sukuma yako ndiyo itaumia nayo. Jivu linasaidia likiwa kavu, likilowa basi. Maganda ya mayai, chama cha wakulima wa bustani cha Uingereza, RHS, walitoa matokeo yao 2018, walijaribu maganda, changarawe, utepe wa shaba na vingine kwa saladi, na mimea iliyozungushiwa ililiwa sawa tu na ile isiyozungushiwa.

Kijana wako hajadanganya. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Robert Hollingsworth na wenzake kutoka Hawaii, walikuwa wanajaribu kafeini kwa vyura wavamizi wakaona konokono wasio na gamba wanakufa. Maji yenye kafeini asilimia 1 hadi 2 yanaua, na hata asilimia 0.01 inawafanya wale kidogo. Sasa kikombe cha kahawa ya kopo kina kama asilimia 0.05, kwa hivyo kahawa yako ya asubuhi inaweza kumfukuza konokono lakini haitamuua, na ile kali ya asilimia 2 inachoma majani ya mimea mingine. Na usifikirie kafeini ni salama juu tunaikunywa, kwa kipimo hicho mbwa pia inamuua. Machicha ya kahawa nayo usiyategemee, na mbwa asiyafikie.

Nauza mboga Wangige. Wateja wanaona ute kwa majani wanakataa kununua. Huo ute una sumu? Na mkulima akiweka dawa ya konokono, naweza uzia mtu sumu? — Mama mboga, Wangige

Dada, ute wenyewe si sumu, lakini usiuchukulie rahisi. Konokono na hawa wasio na gamba wanaweza kubeba mdudu wa mapafu ya panya, mnyoo mdogo unaoingia kwa konokono kupitia mavi ya panya, na mtu akimeza konokono mdogo aliyejificha kwa jani la saladi mbichi anaweza kupata uvimbe wa utando wa ubongo. Sukuma ya kupikwa haina hiyo shida. Ya kuliwa mbichi, dania, saladi, kabeji ya kachumbari, ifunuliwe jani kwa jani na ioshwe kwa maji yanayotiririka. Na wewe ukiokota konokono kwa mikono osha na sabuni kabla ya kushika chapati.

Juu ya dawa, chambo kinafaa kuanguka chini kwa udongo, si kwa majani, na ndio uzuri wake ukilinganisha na kupuliza. Ukikuta punje imekwama katikati ya kabeji rudisha hiyo kabeji kwa mkulima na umwambie kwa nini, usiitoe kwa kidole ukauza. Muulize ametumia nini na lini, una haki kabisa ya kuuliza.

Si ni rahisi tu kuleta mnyama wa kuwala, badala ya hizi kemikali zote? — Msomaji, Kasarani

Ndugu yangu, inategemea mnyama gani. Miaka ya 1950 Hawaii walikuwa na shida ya huyu huyu konokono wetu, wakaleta konokono wanaokula wenzao, mmoja kutoka Kenya kabisa, Gonaxis kibweziensis, jina linasema Kibwezi, na mwingine kutoka Florida anaitwa Euglandina rosea, mwaka 1955. Huyu wa Florida akaona konokono wadogo wa kienyeji ni watamu zaidi, na wengi wao leo hawako tena duniani. Florida yenyewe mwaka 1966 kijana alirudi na konokono 3 wakubwa wa Afrika kutoka Hawaii, baada ya miaka 7 walikuwa zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kulichukua hadi 1975 na zaidi ya dola milioni 1. Konokono hao waliporudi 2011 iliwachukua watu wa Florida miaka 10 tena kuwamaliza, kwa chambo, kwa kuokota na kwa mbwa waliofunzwa kunusa.

Kuna minyoo midogo sana ya udongo, Phasmarhabditis, inauzwa Uingereza tangu 1994, unachanganya na maji unamwagilia, inaingia kwa konokono na kumuua, na mbwa wala mtoto haiwahusu. Hiyo naiona ni njia nzuri ila inawamudu zaidi wale wasio na gamba kuliko hawa wakubwa, na ili iishi inataka baridi na unyevu.

Kwa shamba la Kasarani bata wawili wanatosha, uwaachie asubuhi mapema kabla jua halijawaka na uwatoe kabla hawajaanza kwa miche. Ila uamuzi ni mmoja, kama kuna bata basi punje za bluu zisiingie hapo kabisa, juu bata atakula punje na atakula konokono aliyekula punje. Mvua ikishanyesha toka na tochi na ndoo saa mbili usiku hivi, geuza mbao na mawe, okota konokono, na mayai yao ni meupe kama shanga yamefukiwa sentimita chache kwa udongo laini karibu na ukuta, hayo ndio utafute sana.